Mbodze Adai Matanga Yake

Palikuwa na afisa wa ruzuku, Bwana Mwatela, katika kaunti moja ambayo siitaji jina, maana na mimi nina shamba huko. Serikali ilipotoa hela za mbegu kwa wakulima maskini, yeye ndiye aliyeshika orodha. Na orodha yake ilikuwa na maajabu! Kila msimu wakulima walikufa kwa wingi, bila ugonjwa, bila jeneza. Kwa vile marehemu hana mikono ya kupokea, Bwana Mwatela alijitolea kumpokelea. Huruma iliyoje!

Mwaka huo zamu ya kufa ikamfikia Mbodze, mjane wa ekari mbili na ulimi usiojua kupumzika. Shamba ameshalilima, mawingu yameshatanda, na ndani hana hata punje ya kupanda. Msimu ukimpita, wanawe watashinda na njaa mpaka mwakani. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Akajifunga leso kiunoni, akaenda ofisini.

"Mama, hapa umeandikwa umefariki," afisa alisema bila kuinua macho.

"Lakini nimesimama mbele yako, bwana."

"Kusimama si ushahidi. Niletee cheti kwamba hukufa."

"Kinatolewa wapi?"

"Hakitolewi."

Mbodze akashukuru sana, akaenda zake. Angekuwa na akili, Bwana Mwatela angehama usiku uleule. Lakini alikula, akashiba, akalala.

Asubuhi anafungua mlango wa nyumba yake, anakuta watu arobaini wamejaa uani, wameketi juu ya mikeka. Wanawake wamejifunga kaniki, vilio vimepamba moto. Katikati yao ni Mbodze mwenyewe, analia kuwashinda wote.

"Ni nini hiki?"

"Ni matanga yangu, bwana," Mbodze alijibu, akipenga kamasi.

"Sasa mbona kwangu?"

"Si wewe uliyetangaza msiba? Na desturi yetu unaijua, wewe ni mtoto wa hapahapa. Anayetangaza ndiye mwenye matanga. Siku saba, bwana. Chai asubuhi, wali mchana, na ng'ombe wa kwanza achinjwe leo. Tumemwona yule mwekundu, amenona, Mungu ambariki."

"Wewe mwanamke, hujafa!"

"Kusema si ushahidi. Una cheti?"

Waombolezaji wakapandisha kilio. Bibi mmoja akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kama sufuria kubwa ziko jikoni au ziazimwe kwa majirani.

Jasho likamtoka Bwana Mwatela. Alimtazama ng'ombe wake, akamtazama Mbodze, akaona ni nafuu kumfufua huyu kuliko kumchinja yule. Akatoa orodha mkobani, akafuta "marehemu", akaandika "hai", akagonga muhuri. Hela za mbegu akampa papo hapo.

"Haya, umefufuka!" akafoka. "Sasa waambie waombolezaji wako waondoke uani kwangu."

Mbodze alizifunga hela zake kwenye pindo la leso, polepole, fundo juu ya fundo.

"Waombolezaji gani, bwana? Hao ni marehemu wenzangu. Mimi nimewatangulia tu kwenye foleni."