Alikula Nini Bibi Mashavu?

Paukwa!

Pakawa!

Eti hiyo ndiyo pakawa? Mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na mti mmoja tu wa maana. Tunda lake kijani, nje magamba, ndani jeupe, laini, tamu mpaka kisogoni. Watu wa mlimani wakaliita topetope. Wa bondeni wakasema tomoko. Wa ng'ambo ya mto wakasema konokono, wenzao wakawacheka, maana konokono ni mdudu anayetambaa na nyumba yake.

Ubishi ukawa matusi, matusi yakawa makonde. Pu! Pa! Mtu akang'atwa sikio. Jumbe Vuai, mkubwa wa kijiji, akapiga marufuku: hakuna kuonja tunda mpaka lipate jina moja. Atakayekula, ahame.

Sasa kulikuwa na Bibi Mashavu. Kabakiwa na jino moja, nalo linacheza. Muhogo haumtafuniki, mahindi ndiyo kabisa. Riziki yake ilikuwa lile tunda. Siku ya kwanza akanywa uji. Ya pili, uji. Ya tatu, uji. Huko mtini matunda yanaiva, yanaanguka, pu! pu! Popo wanashiba, watu wanabishana. Siku ya nne bibi akasema moyoni kuwa njaa ikimuua, wabishi wale watagombania hata jina la ugonjwa uliomuua.

Akabeba mkeka wake, akaenda mtini mchana kweupe. Akala moja. Akala la pili. La tatu akalamba na vidole. Mbegu anatema, tu! tu! tu!

Akaburutwa barazani. Kumhamisha kikongwe yule ni kumtuma akafie njiani, naye alijua. Lakini kuufunga mdomo, wapi!

"Nimekula, Jumbe, sikatai," akasema. "Ila nishitakini vizuri. Nimekula nini?"

Wa mlimani wakasema kala topetope. Wa bondeni wakaruka: tomoko! Wa ng'ambo wakashikilia konokono.

"Konokono?" akasema bibi. "Njaa yangu haijafika huko."

Jumbe akawanyamazisha, wakaanza upya. Jua likapanda, likashuka. Shitaka halikupata jina.

"Mkishapatana nilichokula, njooni mnihamishe," akasema Bibi Mashavu, akijifuta kidevu. "Mtanikuta mtini."

Jumbe akameza mate. Akamfuata. Nao wakamfuata Jumbe. Wakala wote, kimya, kwa kuwa mdomo uliojaa haubishi.

Basi wanangu, jina halishibishi. Bibi Mashavu alikufa kwa uzee, kashiba, na mpaka leo hawajapatana alikula nini. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye njaa akale, mbishi abaki.