Pimbi Alivyomfungia Tai Kioo cha Moto

Hadithi iko mlangoni!

*Ifungulieni iingie!*

Ina miguu mingapi?

*Minne na mkia!*

Ya leo ni ya Pimbi. Pimbi hana mkia.

*Basi minne tu, iingie!*

Imeingia, imeketi, imepewa maji ya kunywa. Sikilizeni.

Hapo kale, si kale sana, kale ambayo helikopta zilikwisha kuwepo, palikuwa na mwamba mkubwa katikati ya mbuga. Mwamba ulikuwa na ufa, na ndani ya ufa walikaa pimbi: Pimbi mwenyewe, mkewe, watoto wao, wa kwanza akiitwa Kijoti, na mama mkwe wake, ambaye kwa maneno peke yake alijaza nusu ya nyumba.

Juu angani alikaa Tai. Tai alikuwa na mbawa pana kama mikeka miwili, na chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa pimbi. Kwa hilo tusimlaumu, ndivyo tumbo lake lilivyoumbwa. Ila Tai alikuwa mlafi. Akimtafuna pimbi wa leo, moyo wake uko kwa pimbi wa kesho. Na pimbi wa kesho wako ufani, na ufa ni mwembamba, na Tai ni mpana.

Basi msimu mmoja walikuja askari na helikopta. Papapapapa! Chini ya tumbo la helikopta walifunga bunduki ya ajabu, isiyotoa risasi wala mshindo, inatoa mwanga tu. Walitaka mwanga ule uchome pipa kuukuu kutoka mbali. Pimbi, kama pimbi wote, asubuhi hukaa juu ya mwamba kuota jua, na mwenye kuota jua hana kazi nyingine. Akakaa, akaota jua, akaona yote, mwanzo mpaka mwisho.

Siku moja askari wakaondoka. Wakaacha gunia la viazi, wakaacha kamba, wakaacha kioo kinene cha mviringo, kikubwa kama sinia. Kioo kikalala juani. Nyasi chini yake zikatoa moshi. Fuuu!

Tai akaona. Akashuka, vuup! Kabla Pimbi hajageuka, ukucha uko mgongoni.

"Wewe Pimbi!"

"Naam, Bwana Mkubwa."

"Una vidole. Mimi sina. Nifungie kile kioo kama askari walivyofunga bunduki yao. Nitaruka, nitachoma ule ufa wenu, wote mtatoka mmeiva."

"Nikikataa, Bwana Mkubwa?"

"Nakula sasa."

"Nikikubali?"

"Nakula mwisho, kazi ikiisha. Na usifikiri utakimbilia ufani. Nitamwita Tumbili. Naye ana vidole."

Pimbi akafikiri. Tumbili angefunga bila kuuliza, angelipwa ndizi, angeenda zake. Watoto wangeungua. Akamtazama Tai, akasema, "Nimekubali, Bwana Mkubwa. Tena naapa sitakudanganya hata neno moja."

Kutoka ufani ikasikika sauti ya mama mkwe. "Baba Kijoti! Ndiyo umetuuza? Kwa huyu mwenye miguu ya kuku?"

"Niko kazini, mama," Pimbi akajibu.

"Kazini! Binti yangu, nilikwambia uolewe na yule wa mlima wa pili!"

Pimbi akainama, akachukua kamba. Angetaka kumweleza. Lakini Tai ana masikio.

Akafunga kioo chini ya kifua cha Tai. Kaza, kaza, fundo. Tai akapiga mbawa, fwap, fwap, fwap! Akapanda juu, juu kabisa ya mwamba. Akatazama chini. Hakuna mwanga. Akashuka na hasira.

"Mbona hakiwaki?"

"Jua liko juu yako, Bwana Mkubwa, na kioo kiko chini yako. Wewe mwenyewe umekikinga. Ile ya askari ilikuwa na betri."

"Betri ziko wapi?"

"Waliondoka nazo. Zilibebwa na watu wanne, wakilalamika."

Tai akawaza. "Basi kiwekwe mgongoni."

"Kikiwa mgongoni kitachoma mgongo."

Wakapata njia: mti mrefu ukafungwa mgongoni, ukapita juu ya kichwa, ukatokeza mbele kama fimbo ya kuvulia samaki, na kioo kikaning'inia kwenye ncha. Kaza, kaza, fundo. Tai akapiga mbawa, fwap, fwap, fwap! Mdomo ukaenda chini, mkia ukaenda juu, pu! Kichwa kikazama kwenye mchanga.

"Kumbe mbele kuzito," Tai akasema, akitema mchanga.

"Askari nao iliwatokea. Waliongeza chuma nyuma."

"Ongeza nyuma!"

Pimbi akafunga jiwe mkiani. Kaza, kaza, fundo. Fwap, fwap, fwap! Sasa Tai alifika usawa wa mti wa mgunga, juu zaidi akashindwa. Lakini mwanga ulionekana! Nukta nyeupe ilitua kwenye mwamba. Tai akapiga kelele ya furaha. Nukta ikatetema, tetetete, ikaruka kushoto, ikaruka kulia, ikapanda, ikashuka. Watoto wa pimbi wakatoka ufani wakaanza kuikimbiza, wakicheka, mpaka bibi yao akawavuta ndani kwa masikio.

"Mbona hawaungui?" Tai akahema.

"Mwanga huo si risasi, Bwana Mkubwa. Lazima utulie mahali pamoja mpaka pashike moto. Na hautulii, kwa sababu wewe unatetema. Unatetema kwa sababu unapiga mbawa."

"Nisipopiga mbawa?"

"Unaanguka."

Hata Pimbi alimwonea huruma. Si rahisi kutaka vitu viwili ambavyo havikai nyumba moja.

"Askari walifanyaje?"

"Walikaza."

"Kaza!"

Pimbi akakaza. Akakaza kifua, akakaza mabega, akakaza shingo isigeuke. Mdomo wa Tai nao ukaanza kupata moto, maana kioo kilikuwa karibu nao, chwiii! Tai akalia, "Naungua!" Pimbi akamwambia askari walipoza yao kwa maji. Tai akasema lete maji. Pimbi akamtundikia kibuyu cha maji shingoni, tena kikubwa, kwa kuwa Tai alitaka kikubwa.

Fwap, fwap, fwap! Safari hii Tai alifika usawa wa kichuguu.

"Mzigo umezidi," akasema, akitua kama gunia. "Askari walipunguza nini?"

"Kwanza chakula. Lile gunia la viazi pale, walilishusha."

"Basi nami nitapunguza chakula."

Tai akafunga. Tai, ambaye hajawahi kuruka hata mlo mmoja! Asubuhi hakula. Mchana hakula. Tumbo likanguruma, nguruu, nguruu, na Pimbi akafanya kazi pembeni ya tumbo lile akiwa anatetemeka kuliko kioo. Mara mbili Tai alimtazama kwa jicho lile. Mara mbili Pimbi akasema kwa upole, "Kazi haijaisha, Bwana Mkubwa."

Tai akajaribu tena. Fwap! Akapita juu ya nyasi, nyasi zikamkuna tumbo.

"Bado ni mzito! Kisha walipunguza nini?"

"Milango."

"Mimi sina milango." Tai akajitazama mbele, akajitazama kando. Jicho likatua kwenye mbawa zake. "Lakini nina manyoya. Haya marefu ya mwisho, tazama yalivyo mazito. Ng'oa!"

Pimbi alikuwa ameapa. "Bwana Mkubwa, hayo marefu ndiyo…"

"Nimesema ng'oa!"

"Nilitaka tu kusema kwamba…"

"Mhandisi ni nani hapa, wewe au mimi?"

"Ni wewe, Bwana Mkubwa."

Ng'o! Ng'o! Ng'o! Pimbi akang'oa mpaka mbawa zikabaki kama vipepeo vya jikoni.

Tai akapiga mbawa. Fyu, fyu. Akapiga tena. Fyu. Hata vumbi halikuinuka.

Lakini ngojeni! Kwa kuwa hakuruka, hakutetema. Kwa kuwa hakutetema, nukta ya mwanga ikatulia. Na ilitulia wapi? Mlangoni pa ufa hasa! Nyasi kavu zilizokuwa pale zikaanza kutoa moshi. Fuuu! Watoto wake wako ndani.

"Inafanya kazi!" Tai akapiga yowe. "Inafanya kazi!"

Zile nyasi zikawaka, puh, zikaisha. Zilikuwa konzi moja tu. Zaidi ya hapo palikuwa jiwe, na jiwe halina habari na moto. Jua nalo likasogea kidogo, kama kawaida yake, na nukta ikasogea, ikauacha ufa, ikaenda zake juu ya mwamba mtupu.

"Irudishe!" Tai akasema.

"Geuka, Bwana Mkubwa."

"Siwezi. Umenikaza."

"Ulisema kaza."

Mama mkwe akachungulia. Akamtazama Tai kuanzia mti mpaka jiwe. Akatoka taratibu, akajongeza mgongo wake karibu na ile nukta, akafumba macho. "Aah," akasema. "Baba Kijoti, mbona hukusema kwamba unatengeneza jiko?"

Wakalifungua gunia. Kiazi kikawekwa kwenye nukta, kikaiva. Cha pili kikaiva. Harufu ikaenea mpaka puani kwa Tai, ambaye hajala tangu jana. Machozi yakamlenga.

Pimbi akammenyea kimoja, akakipuliza, akamtilia mdomoni. Tai akatafuna. Halafu akauliza swali ambalo angeliuliza mwanzo.

"Hivi, Pimbi. Helikopta ya wale askari mwisho wake iliondokaje?"

"Kwa lori, Bwana Mkubwa."

"Kwa lori?"

"Waliipakia nyuma, wakaifunika turubai."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza."

Tai akameza kiazi. "Na ahadi yetu? Nilisema nitakula mwisho, kazi ikiisha."

"Ahadi ipo palepale," Pimbi akasema, akigeuza kiazi kingine kwenye mwanga. "Ila kazi haijaisha. Hatujagusa suala la vumbi. Tukimaliza vumbi, kuna mawingu. Fungua mdomo, hiki kimeiva."

Hadithi imesimama, inaaga. Tuiombe nini kabla haijatoka?

*Funzo!*

Funzo ni hili, wanangu: ukianza kazi, imalize. Mfanyakazi anayeacha kazi nusunusu hafiki popote.

*Na Pimbi je?*

Pimbi yupo mpaka leo, hajamaliza. Fungeni mlango.

*Tumeufunga!*