Kichwa cha Kombaini ya Marehemu

Hapo zamani, lakini si zamani za mbali, maana kombaini, zile mashine za kuvunia, zilikwisha kufika kwenye tambarare za ngano chini ya mlima Hanang, kikundi cha wakulima kilivunjikiwa na kichwa cha kukatia cha kombaini yao. Ngano imeiva, mawingu yametanda mlimani, na ngano iliyoiva ikinyeshewa huchipua ingali kwenye suke. Mwenyekiti akatangaza: "Atakayeokoa mavuno haya, ng'ombe mtamba wa kikundi ni wake!"

Akonaay alikuwa na kombaini kuukuu ya marehemu baba yake. Wengi waliwahi kumwomba vyuma vyake, akawakatalia. Ndiyo kumbukumbu pekee aliyoachiwa. Siku hiyo aliitazama, akafuta machozi, akasema, "Ng'oeni kichwa."

Kichwa kikakaa vizuri kwenye kombaini ya kikundi, lakini nyaya hazikupatana. Kichwa cha namna hiyo hupanda na kushuka chenyewe kufuata ardhi, kwa kipimo chenye nyaya tatu: mmoja huleta umeme, mmoja huurudisha, wa kati huipasha mashine habari. Plagi ya zamani haikuingia kwenye soketi mpya. Theodosia, fundi umeme, akaikata. "Mashine ikiungua, lawama yangu," akasema, akaunganisha waya kwa waya.

Wajaribie wapi? Kila mtu aliihofia ngano yake. Mama Bura, mjane mwenye shamba dogo kuliko yote, akasema, "Anzieni kwangu."

Kombaini ikaingia. Lo! Kwenye mwinuko kichwa kikashuka, kikachimba udongo. Kwenye bonde kikapanda, kikapita juu ya masuke. Watu wakapiga kelele, "Simamisha!" Mama Bura alikuwa akiifuata nyuma, macho kwenye kichwa.

"Fundi, hakijaharibika. Kinasikia, ila kinasikia kinyume."

Theodosia akacheka. "Kweli, mama!" Akabadilisha nafasi za nyaya mbili za pembeni, wa kati akauacha.

"Rudieni. Hapa hapa," akasema Mama Bura.

Kombaini ikaingia. Kwenye mwinuko kichwa kikapanda. Kwenye bonde kikashuka. Vigelegele! Wakavuna shamba baada ya shamba, na mvua ilipofika ikakuta mabua matupu.

Mtamba akaletwa.

Akonaay akasema, "Bila kichwa cha baba yangu, mngeunganisha nyaya kwenye nini?"

Theodosia akasema, "Bila mkono wangu, kichwa hicho kingebaki chuma tu."

Mama Bura akasema, "Bila ngano yangu kufukiwa, kosa mngelijuaje? Na nani aliliona?"

Mwenyekiti kasimama na kamba, watatu wote wamenyoosha mikono. Haya, ninyi mliosikia: kamba hiyo mngemkabidhi nani?