Kompyuta ya Mende na Kinanda cha Uji

Siku ile, katika chumba cha kurekodia nyimbo kule mtaa wa Ngamiani, walikuwemo Mwantumu mwimbaji na mwanawe Kidawa wa miezi saba, Shehoza mpiga kinanda, Mbaruku wa kompyuta, na Bi Saumu aliyekuja kuchukua wimbo wa harusi ya binti yake. Hakuwemo mwingine, ukiacha mende.

Wale watatu wa muziki kila mmoja alikuwa na chake. Mbaruku alikuwa na sikio: sauti yoyote aliikata na kuiunga, usijue ilikatwa wapi. Shehoza alikuwa na vidole: akisikia Mwantumu amepungukiwa pumzi, alimngoja. Na Mwantumu alikuwa na koo lililowafanya watu waweke vikombe chini.

Lakini chumba kilinuka. Mbaruku alikuwa amebandika trei za mayai ukutani ili makelele ya barabarani yasiingie. Trei zenyewe alipewa bure sokoni, zimejaa mayai yaliyopasuka, naye akazigundisha hivyo hivyo bila kuziosha. "Zitakauka," alisema. Zilikauka, ila zilioza kwanza. Mende wakaja, wakala, wakashiba, wakatafuta pa kulala penye joto. Wakaingia ndani ya kompyuta.

Asubuhi hiyo kompyuta ikazimika, na wimbo unatakiwa alasiri. Mbaruku akaifungua. Mende wakamwagika mezani kama kunde, wazima na wafu, pamoja na mayai yao na kinyesi cheusi kilichogandamana na vumbi. Mbaruku aliguna, akatia mkono mtupu, akachota, akachota tena. Mmoja alimpanda hadi kwapani. Hakuacha mpaka mashine ikawaka.

Kinanda nacho kilikuwa na yake. Jana yake Kidawa alikimwagia uji wa maziwa, nao ukachacha chini ya vitufe. Vilinata, na vikibonyezwa vilitoa povu lenye harufu ya matapishi. Mwantumu alitamani ardhi immeze. Shehoza alikwenda kwake, akarudi na mswaki wake mwenyewe, ule anaosugulia meno, akasugua kitufe kimoja kimoja huku akigeuza uso asitapike.

Na Mwantumu je? Kurekodi kunataka mlango ufungwe na feni izimwe. Alifungiwa humo na uvundo, Kidawa mgongoni amemcheulia shingoni, na maziwa yanamteremka taratibu hadi kiunoni. Mwimbaji hawezi kuziba pua. Aliivuta harufu yote kifuani, akaitoa ikiwa wimbo. Mende alimtembea mguuni, hakuruka. Aliimba mara moja tu, mwanzo hadi mwisho. Katikati Kidawa alikohoa, na Mbaruku, badala ya kumrudisha mama wa watu kuimba upya, alikaa akakiondoa kikohozi kile kwa subira, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi.

Bi Saumu aliusikiliza wimbo akiwa mlangoni, kanga puani, machozi yakimtoka, nusu kwa utamu na nusu kwa uvundo.

"Loo! Kitu kizuri hivi kimetoka jalalani humu?" alisema. "Nawapa zawadi, wanangu. Kompyuta mpya, au kile kinanda kipya cha vifundo vya kuzungusha, kinachounda sauti yoyote mtakayo. Kimoja tu. Cha pili sina."

"Kompyuta," Mbaruku akawahi. "Ndani yake vinanda vimo tele. Hatutahitaji kinanda cha uji."

"Na atakayevipiga nani, mende wako?" Shehoza alibetua mdomo. "Kinanda, mama! Tutapiga harusini, watu watuone. Nani anataka choo cha mende?"

"Choo ni huo mswaki wako! Kesho utasugulia nini meno?"

"Nenda kanawe kwapa kwanza ndipo unisogelee!"

Mbaruku akaokota mende mfu, akamrushia kifuani. Shehoza akatema mate, yakatua mezani karibu na mkono wa Mwantumu.

Mende hawakuweza kumtapisha Mwantumu, lakini wanaume hawa walikaribia. Asubuhi nzima walikuwa watu wema, na sasa wanarushiana uchafu mbele ya mtoto.

"Mwanangu," alisema Bi Saumu, "chagua wewe. Hawa wamenitia kinyaa kuliko chumba chao."

Mwantumu alijua anachochagua. Ikija kompyuta, Shehoza aliyeusugua uji wa mwanawe hatakuwa na kazi tena, na mashine haimngoji mtu avute pumzi. Kikija kinanda, ile kompyuta kongwe itakufa na Mbaruku atafunga virago. Kurekodi mchana kutakwisha. Itabidi yeye aimbe harusini usiku kucha, na Kidawa alale kwa majirani akililia ziwa.

Akayafuta mate yale mezani kwa upindo wa kanga, akataja kitu kimoja.

Jumatatu mkokoteni ulishusha boksi moja mlangoni. Aliyelipokea ni mwanamume mmoja, mwenziwe hakuja tena.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Watatu walimeza kinyaa sawasawa, na zawadi ni moja. Je, ungekuwa wewe Mwantumu, ungetaja kitu gani, na yule uliyemwacha ungemtazamaje usoni?