Usigonge Bodi, Mgongo Ungali Chini

"Usigonge bodi, mgongo ungali chini."

Wajukuu walimsikia dereva wa lori la chai akimkemea mtu hivyo, wakamwuliza bibi yao, Nanzia, maneno hayo yametoka wapi. Bibi alikuwa akitazama tope bichi juu ya kile chuma cha ubavuni mwa lori, ambacho watu hukanyaga wakipanda. Huko kwao chuma hicho huitwa mgongo. Akawaambia chanzo chake ni hiki.

Zamani lori la shamba halikuwa na chuma hicho. Bodi lilikuwa juu, na wachumaji wengi walikuwa wanawake wenye watoto wachanga. Kila asubuhi Nakijwa, mjane wa miraba minne, aliinama kando ya gurudumu, wenzake wakamkanyaga mgongoni, wakapanda. Hakuna aliyemtuma. Yeye alipanda mwisho, akivutwa mikono, kisha akagonga bodi mara mbili. Ndiyo ilikuwa desturi: wa mwisho kupanda hugonga, dereva akaondoa gari.

Akaja msimamizi mpya, Kajiru. Siku ya mvua naye alimkanyaga Nakijwa, tena na buti zake, akaingia, akagonga. Mgongo aliukanyaga, mtu hakumwona. Lori likaondoka, mama wa watu kapiga magoti topeni. Na kule shambani Kajiru huyo huyo akamwandika mtoro. Utoro wa siku moja ulitosha kumnyima mtu kibarua.

Kesho yake Nakijwa alikuja, chapa ya buti ingali kwenye khanga yake. Akasimama wima. Wanawake wote wakabaki chini naye.

"Inama, mama, tunachelewa," Kajiru alisema.

"Jana uligonga bodi?"

"Niligonga, ndiyo."

"Anayegonga anasema watu wote wamepanda. Basi huku chini hakuna mtu, baba. Unamwambia nani ainame?"

Kajiru akajaribu kupanda mwenyewe, akateleza, akaanguka kifudifudi. Wanawake walikataa kupanda, na lori halikuondoka mpaka alipolifuta jina la Nakijwa kwenye orodha ya watoro. Wiki ile ile fundi akachomelea chuma ubavuni. Wanawake ndio waliokiita mgongo, ili anayekikanyaga akumbuke kilichokanyagwa kabla yake.

Wajukuu walicheka sana kuanguka kwa Kajiru. Bibi hakucheka.

"Siku ile ya mvua nami nilikuwa juu ya lori," alisema. "Nilimwona Nakijwa akiinua mikono avutwe. Mikono yangu ilikuwa mitupu, na sauti nilikuwa nayo. Nikaogopa buti. Hili hata yeye sikumwambia mpaka tunamzika. Usigonge bodi, wanangu, mgongo ungali chini."