Mpira wa Maji Mlangoni kwa Mwenyekiti

Mwenyekiti mmoja wa kijiji cha milimani, ndugu zangu, alipenda katiba kama wengine wetu tunavyopenda nyama. Basi ilipofika barua ya wilaya kuhusu maji ya bomba, aliisoma kwa sauti mara mbili, ya pili kwa raha yake mwenyewe. Sheria mpya ilisema kila kijiji kiunde jumuiya ya watumia maji. Jumuiya iwe na katiba, katiba ionyeshe mipaka, mipaka iwe na ramani, na ramani iwe na muhuri. Kuhusu maji yenyewe, barua ilisema yatafuata.

Yalikuwa maji ya mserereko. Yanatoka chemchemi ya msituni, yanaingia kwenye tangi jipya mlimani, na kutoka hapo yanashuka yenyewe hadi majumbani. Hakuna pampu wala umeme. Mpaka siku hiyo kijiji kizima kilikuwa kikiteka bondeni, na wanawake wanajua shingo zao zimeliwa kiasi gani na njia ile.

Sasa, mwenyekiti alikuwa na jirani, mama mmoja muuza chai. Katika mkutano wa kwanza mwenyekiti alihutubia tangu asubuhi juu ya umuhimu wa maji. Jua lilipofika utosini, yule mama akanyoosha mkono.

"Baba mwenyekiti, leo tumekunywa maji kwa masikio mpaka tumeshiba. Hakuna hata kikombe kimoja cha kupitia kooni?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mwenyekiti naye alitabasamu, tabasamu lile la kiongozi anayepigwa picha. Lakini nyumbani chakula hakikupita. Kuchekwa ni mwiba mdogo, ila huingia pale pasipofikiwa na sindano. Akavuta karatasi, akaandika kifungu cha saba: "Mpaka wa jumuiya ni usawa wa tangi. Mwanachama ni yule ambaye nyumba yake iko chini ya tangi. Aliye juu ya tangi si mwanachama, hana bomba, wala hana sauti mkutanoni."

Kifungu kizuri, kisicho na chuki usoni. Kinazungumza habari za mwinuko tu. Na kila mtu alijua kwamba nyumba ya muuza chai iko juu. Ukitoka sokoni kwenda kwake unapanda ngazi za mawe mpaka magoti yanaanza kukusengenya. Ukifika unaketi kwanza, ndipo unasalimia. Kwa mwenyekiti njia ilizunguka mlima polepole, ukafika huku bado unapiga soga.

Siku ya kupitisha katiba, kila mmoja aliitazama nyumba yake, akaona iko chini, akanyoosha mkono. Yule mama peke yake hakunyoosha. Aliangalia ile mikono mingi, akafunga kanga yake vizuri, akarudi kuchemsha chai.

Ikabaki ramani. Wilaya ikamtuma fundi, na fundi akaja na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi, umejaa maji. Nyie mafundi mliomo humu mnaujua. Mmoja anashika ncha hii penye tangi, mwingine anakwenda na ncha ile mlangoni. Maji yakitulia, yanasimama usawa mmoja pande zote mbili. Mlango ulio chini ya usawa huo utafikiwa na maji, ulio juu hautafikiwa.

"Ncha ya pili nitaishika mimi," akasema mwenyekiti. Kazi hiyo hakutaka kumwachia mtu. Akaziba mpira kwa kidole gumba, akaenda moja kwa moja kwa muuza chai, na nusu ya kijiji nyuma yake.

Mlangoni akaachia kidole. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia, yakasimama usawa wa kifua chake.

"Huyo yuko chini," fundi akaita kutoka tangini. "Atapata maji, na mengi."

"Haiwezekani. Watu wote hufika hapa wakihema."

"Mpira hauhemi, mheshimiwa."

"Basi mpira wako ni mbovu. Twende kwangu, tuupime mahali panapojulikana."

Ndugu zangu, nani alimwambia aseme hivyo? Hakuna. Alijiita mwenyewe.

Akasimama mlangoni pake, akauinua mpira kifuani, akaachia kidole. Maji hayakuonekana.

"Unayaona?" fundi akauliza.

"Bado."

"Shusha."

Akashusha hadi kiunoni. Akashusha hadi magotini. Akapiga magoti, na suruali ile ilikuwa ya mikutano.

"Sasa?"

"Bado."

"Shusha tena."

"Fundi, nimeshalala."

Na kweli alikuwa amelala kifudifudi mbele ya mlango wake, jicho moja limefumbwa, akiyatafuta maji ndani ya mpira. Yalikuwa yamekimbilia chini kabisa, kule ambako nyumba yake haipo. Ile njia ya polepole, kumbe ilikuwa inampandisha miaka yote bila kumwambia.

Fundi akachora ramani kama maji yalivyosema. Mkutano ukaitishwa, na kwa mara ya kwanza mwenyekiti akaketi nyuma. Alipofungua mdomo, katibu akakohoa kwa heshima, akasoma kifungu cha saba hadi nukta. Watu wakatazama miguu yao. Kila mmoja alimwonea huruma mwenyekiti, na kila mmoja akakumbuka kwamba yeye yuko chini.

Muuza chai akasimama.

"Katibu, mimi sasa ni mwanachama, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi natoa hoja. Kifungu cha saba kifutwe. Aliye juu achote kwa aliye chini, na awe na sauti, maana tukimnyamazisha huyu bwana ataugua."

Kikafutwa, kwa kicheko. Lakini katiba ilibidi irudi wilayani kupigwa muhuri upya, na muhuri, kama mnavyojua, nao huenda likizo. Jioni ile mwenyekiti alisikia hodi. Ni muuza chai, na ndoo mpya mkononi.

"Mama," akasema mwenyekiti, "kwa nini umefanya hivi?"

"Siku mliponyoosha mikono nilijiuliza, nitachota wapi? Nikasema, kwa mwenyekiti. Ndiye jirani wa karibu, ataninyimaje? Nikanunua ndoo hii kwa ajili ya kuja kwako." Akaiweka kizingitini. "Sasa ni yako. Njoo asubuhi, kabla chai haijachemka."

Mmecheka, na mimi nimecheka. Kumcheka mwenyekiti ni rahisi, maana yuko mmoja, tena amelala chini. Lakini kifungu kile hakikupitishwa na mtu mmoja. Ile mikono ilikuwa ya nani? Ya watu wema, wenye haraka, walioangalia nyumba zao wakaridhika. Sisi je? Jumapili ijayo, baada ya ibada, tunakaa kuamua nani ahesabiwe mshirika wa kanisa hili na nani aambiwe asubiri nje. Rasimu ninayo. Imeandikwa vizuri, haina chuki usoni.

Nakuomba jambo moja tu. Kabla hujanyoosha mkono, nenda kwanza mlangoni pako ulale kifudifudi, uone maji yamesimama wapi. Na usipoyaona, usione haya. Huenda yule unayetaka kumkata ameshakununulia ndoo.