Kiti cha Kando ya Rubani

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi ajifinye sikio, kwa maana hadithi hii ikifika mwisho mimi nitanyamaza na ninyi ndio mtakaohukumu. Msije mkasema sikuwaambia.

Nje kidogo ya mji wa Tabora palikuwa na karakana ya kuunda ndege ndogo, na humo walikuwamo mafundi watatu wa mabawa.

Wa kwanza alikuwa Kalunde, mshika mashine ya kugongea ribiti. Ribiti ni vile vijipini vya alumini vinavyoshikanisha bati la ndege na mbavu zake, na bawa moja lina ribiti nyingi kuliko mvi za bibi yako. Kalunde alijaliwa masikio. Ribiti iliyokaa vizuri ilimlilia hivi, iliyokaa vibaya ikamlilia vile. Majirani zake walishaacha zamani kumsengenya, hata wakiwa wamefunga milango.

Wa pili alikuwa Mashimba, pande la mtu. Kalunde akigonga kutoka nje, Mashimba aliingiza mkono ndani ya bawa na kukinga kipande cha chuma nyuma ya ribiti. Huko ndani haoni kitu, anapapasa tu. Lakini vidole vyake vilijaliwa macho. Na kwa kuwa mashine ina kelele za kumeza maneno, alizungumza na Kalunde kwa kugonga bati: mara moja, imekaa, mara mbili, ongeza, mara tatu, imeharibika, tuing'oe.

Wa tatu alikuwa Makungu, mtu wa keekee, ambaye ndiye aliyetoboa matundu na kung'oa ribiti zilizoharibika. Yeye alijaliwa subira. Akimenya chungwa, ganda hutoka zima bila kukatika, na wenzake huwa wamekwisha kula na kunawa.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi yake. Ndege mpya ikisha kujaribiwa, safari yake ya kwanza ya kwenda kwa mwenyewe, kiti cha kando ya rubani alipewa fundi mmoja, yule aliyeifanyia ndege ile kazi kubwa kuliko wote. Desturi hiyo aliianzisha Bi Stumai, msimamizi wao, mama wa Kirufiji asiyecheka kabla ya saa nne. Alikuwa akisema, "Fundi anayeogopa kupanda alichokifunga, basi asikifunge." Kurudi, fundi alirudi kwa basi, lakini hakuna aliyewahi kulalamikia basi.

Na ndege ya safari hii ilikuwa inakwenda Mwanhembe, kwenye zahanati, imejazwa makasha ya dawa hadi kwenye dari. Kiti kilichobaki kilikuwa hicho kimoja. Na Mwanhembe ndiko alikozaliwa Kalunde, ndiko aliko mama yake, ambaye kwa miaka mingi aliwaambia majirani kwamba binti yake anashona ndege, nao wakimwitikia, "Haya mama, na wa kwangu anashona mawingu." Kalunde alikitaka kiti kile.

Asubuhi ya safari ikafika. Ndege ilikwisha jaribiwa angani, ikakaguliwa, na jana yake walikuwa wamebadilisha ribiti moja tu iliyolegea kwenye bawa la kushoto. Rubani alikuwa anakunywa uji. Mashimba alilishika bawa lile kwenye ncha, akalitikisa kidogo kama ilivyo kawaida yao, na mafundi wakaanza kulifuta vumbi.

"Simama," Kalunde akasema. "Kuna kitu humo."

Wakatega masikio. Mashimba akatikisa tena. Wote wakasikia kunguru juu ya paa, na rubani akifyonza uji.

"Dada, mimi sisikii," Mashimba akasema.

"Kitu kidogo. Kinagonga mara moja, halafu kinatulia. Hakikuwamo juzi."

Bi Stumai alimtazama Kalunde, akaitazama saa, akamtazama tena Kalunde. Ndege imekaguliwa, dawa zinasubiriwa, na mtu mmoja anasema amesikia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Angeweza kusema twendeni. Lakini aliwajua watu wake. Akamwambia rubani aongeze uji.

Chini ya bawa pana tundu dogo la ukaguzi. Walimulika tochi, hawakuona kitu. Mashimba akavua shati, akatia mkono ndani mpaka bega likakwama, akafumba macho. Alipapasa ubavu mmoja, akapita, akapapasa wa pili. Jasho likamtiririka. Alikaa hivyo hata wenzake wakaanza kuhema kwa niaba yake. Kisha akatabasamu.

"Nimekipata. Kimeingia chini ya gurudumu dogo, lile linalopitisha waya wa usukani."

Hapo hakuna aliyetabasamu naye. Waya ule ukikwama ndege ikiwa angani, rubani akitaka kupinda kulia, bawa halimsikii. Mashimba alijaribu kukichomoa, lakini vidole vyenye macho vilikuwa vinene kupita ule mwanya. Kila alipokigusa, kilizama zaidi. Akautoa mkono, umechubuka hadi kwenye kiwiko.

"Tukate bati," rubani akasema.

"Ukate bati lako la nyumbani," Bi Stumai akamjibu. Kulikata lile bawa kulikuwa na maana ya kulifungua upya, na dawa kusubiri wiki kadhaa.

Makungu alikwenda kwenye meza yake, akachukua nta ya nyuki anayoipaka kwenye keekee ili isiungue, akaifinyanga kwenye ncha ya waya mwembamba. Mkono mmoja akashika kioo kidogo, mwingine waya. Mnajua kazi ya kioo: ukitaka kwenda kushoto kinakupeleka kulia. Makungu alikosea, akarudi, akakosea, akarudi. Bi Stumai alitoka nje kwa kushindwa kuvumilia. Hatimaye nta ikagusa, ikanata, na Makungu akaanza kuuvuta ule waya polepole kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Kikaangukia kiganjani mwake.

Kilikuwa mkia wa ribiti, kile kipande kinachobaki ndani ribiti ikitobolewa, kisichozidi punje ya mahindi.

Msipige makofi bado, hadithi haijaisha. Bi Stumai alikitia mkononi, akauliza, "Hiki kimetoka wapi?"

Makungu akasema, "Ni cha ile ribiti ya jana. Mimi ndiye niliyeitoboa kuing'oa, na sikuhakikisha kama mkia umetoka."

"Aliyekuwa ndani wa kuudaka ni mimi," Mashimba akasema. "Ulinipita."

Kalunde akasema, "Na ribiti yenyewe isingelegea kama si mimi. Siku ile tunaifunga, Mashimba aligonga mara moja kwamba imekaa, nami nikaongeza pigo la ziada, kwa uroho tu wa kutaka ipendeze."

Bi Stumai akacheka, na saa nne ilikuwa haijafika. "Basi mmekosa sawasawa, na mmeokoa sawasawa. Sasa kiti ni cha nani?"

Mashimba akawahi. "Apewe dada Kalunde. Mama yake yuko huko, kila mtu anajua."

"Kiti si cha mwenye mama," Makungu akasema kwa upole. "Mama sote tunao. Kiti ni cha mwenye kazi."

Kalunde alitamani sana mtu ambishie Makungu. Hakuna aliyembishia, na moyoni mwake alijua kwa nini.

"Makungu amesema kweli," akasema. "Nikienda kwa kuhurumiwa, mama ataniuliza kwa nini wamenichagua mimi, na mimi sijui kumdanganya. Bi Stumai, pima kazi. Ikiwa si mimi, niambie tu, nitashika shughuli zangu."

Rubani aliweka bakuli chini, akapanda, akawasha injini. Mlango wa upande wa pili uliachwa wazi, unatikisika kwa upepo wa pangaboi. Bi Stumai alisimama mbele yao, akapima moyoni. Asingesikia Kalunde, ndege ingeruka na balaa lake. Asingepapasa Mashimba, wangejua tu kwamba kuna kitu, wasijue kiko wapi. Asingevuta Makungu, wangejua kilipo na wasiwe na la kufanya. Akainua mkono kuonyesha mmoja wao, kisha akaushusha, akawageukia mafundi wengine wa karakana waliojaa mlangoni mwake.

Nami nawageukia ninyi. Dawa zinasubiriwa, injini inanguruma, na kiti ni kimoja. Mnaniona nimenyamaza. Je, wewe ungemwambia nani apande?